Barabara ya Shaba na Ushuru Wake

Kila mtu anayesafiri kutoka Kolwezi mpaka Likasi, na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, na tena mpaka mpakani Kasumbalesa, anajua mahali ambapo magari yote husimama. Ni pale penye nguzo iliyokingama njiani, na kijumba kando yake, na karani ndani ya kijumba. Mtu analipa, anapewa karatasi, nguzo inainuliwa, anapita. Watu wetu wanapaita kwa neno la Kifaransa: peaji. Wengine wanalipa kimya. Wengine wanalipa na kunung'unika, wakiulizana: «Franka zetu zinakwenda wapi?»

Swali hilo si baya. Tena si jipya. Wazee wa wazee wetu waliliuliza zamani, kabla ya gari la kwanza kufika katika nchi hii. Tukitazama vizuri mambo ya kale, tutaona kwamba barabara ya shaba haikupitwa bure hata siku moja. Siku zote mtu fulani alilipa: kwa nguo, au kwa bega lake, au kwa siku zake za kulima, au kwa franka. Basi tuifuate historia ya njia hii hatua kwa hatua, tujue nani alilipa, na malipo yalikwenda wapi. Hapo ndipo tutaweza kupima ushuru wa leo, kama ni wa haki au si wa haki.

Njia ya miguu

Katika nchi iliyo kati ya mito Lualaba, Lufira na Luapula, ardhi ina shaba nyingi. Watu wa zamani waliitambua kwa mawe yake ya kijani. Waliyachimba wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru za udongo, wakavukuta moto wa makaa, na shaba ikatiririka katika vijito vidogo walivyoichimbia. Mara nyingi waliimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ya shaba haikuwa alama ya dini. Ilikuwa mali, na baadaye ilikuwa feza hasa: mtu alinunua vitu kwayo.

Tunajuaje? Kando ya ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, kuna makaburi ya zamani sana. Wataalamu walianza kuyachimbua mwaka 1957. Humo walikuta vyungu, mapambo, na misalaba ya shaba iliyowekwa pamoja na maiti. Lakini pale Kisale hakuna machimbo ya shaba. Machimbo yako mbali, upande wa kusini. Basi ile misalaba ilifikaje? Shaba haina miguu. Ilibebwa na watu, kwa vijia vyembamba vya porini, mtu nyuma ya mtu. Ndiyo barabara ya kwanza ya shaba.

Vijia hivyo viliungana na vingine virefu zaidi. Upande wa machweo vilifika Angola na bahari ya Atlantiki. Upande wa mawio vilivuka Luapula, vikafika kwa mfalme Kazembe, na mbele tena mpaka pwani ya bahari ya Hindi. Mwaka 1802 wafanya biashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, waliondoka Angola kwa amri ya Wareno ili watafute njia ya kuvuka bara lote. Walifika Tete, katika nchi ya Msumbiji, mwaka 1811. Miaka tisa! Je, walikuwa wavivu? Hapana. Kwa Kazembe peke yake walikaa kama miaka minne wakingoja kuruhusiwa kwenda mbele. Hivyo wao walilipa ushuru wao kwa siku za maisha yao.

Mwenye njia ni mwenye nguvu. Jambo hili alilifahamu vizuri Msiri, mtoto wa Kalasa. Baba yake alikuwa mfanya biashara kutoka Unyamwezi, aliyekuja Katanga kutafuta shaba. Mtoto akabaki, akapata watu na bunduki, akajenga mji wake mkubwa Bunkeya, akawa mtawala wa nchi kubwa. Nguvu yake ilikuwa nini? Alishika shaba, na pembe za ndovu, na chumvi, na, tuseme kweli, watumwa pia. Tena alishika njia zote mbili, ile ya Angola na ile ya Unguja. Misafara ya pande zote mbili ilikutana kwake, na hakuna aliyepita bila kumpa chake.

Hongo

Sasa tusimame kidogo juu ya neno moja. Leo tukisikia «hongo» tunafikiri mara moja juu ya feza inayotolewa kwa siri ili kupindisha haki. Lakini zamani, katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, hongo lilikuwa neno la wazi kabisa. Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukiingia katika nchi ya mtemi, ulimtolea nguo, ushanga au waya wa shaba. Nguo zilizopendwa zilikuwa merikani, yaani kitambaa cheupe kilichotoka Marekani, na kaniki ya rangi ya buluu. Mtemi akiridhika, ngoma ililia, na msafara ukaruhusiwa kwenda.

Hongo kali kuliko zote ilikuwa ya Ugogo. Burton na Speke waliipitia mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na kila mmoja alilalamika sana katika maandiko yake. Mapadri Weupe wa kwanza nao, walioondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878 na kufika Ujiji mwezi wa Januari 1879, walilipa kama wengine.

Lakini tusiwasikilize wasafiri peke yao. Tumsikilize na Mgogo. Nchi yake ni kavu. Maji yanapatikana katika visima vichache ambavyo watu wake wamevichimba na kuvilinda. Kisha unakuja msafara wa watu mia tano, pengine elfu, nao wanakunywa maji, wanakula chakula, wanakata miti, na kesho wamekwenda. Je, si haki watoe kitu? Mtemi mwema aliyepokea hongo aliwaacha wageni wateke maji, aliwapa soko la kununua chakula, akawakataza vijana wake wasiibe mizigo. Hongo ya namna hiyo ilikuwa malipo ya kazi.

Lakini palikuwa na watemi wengine, na wadogo wa watemi, na wajumbe wa wadogo wa watemi. Msafara ulilipa leo, na kesho mbele kidogo mtu mwingine akasimama njiani akidai tena. Bei haikujulikana. Ilitegemea uso wa mgeni na njaa ya mdai. Hongo ya namna hiyo haikuwa malipo ya kazi yoyote, ilikuwa unyang'anyi uliovaa nguo ya desturi.

Tazameni basi jinsi lugha inavyotunza kumbukumbu. Neno ni lile lile, lakini maana yake njema imekufa, na maana yake mbaya imebaki. Ushuru wa njia ulioharibika ndio uliolipa jina la rushwa. Tulishike jambo hili, kwa maana tutalihitaji mbele.

Bega la mpagazi

Kwa njia hiyo hiyo ya Bagamoyo alikuja kapteni William Stairs, aliyetumwa na mfalme Leopold wa pili ili kuitwaa Katanga. Aliondoka pwani mwezi wa Julai 1891, akafika Bunkeya katikati ya Desemba. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Bodson, mmoja wa wazungu wa msafara ule, na Bodson mwenyewe akauawa papo hapo. Mwenye njia alikuwa amekufa. Njia ikapata bwana mpya.

Bwana mpya hakudai merikani wala kaniki. Alidai watu. Kwa sababu farasi na ng'ombe hufa kwa mbung'o, kila kitu kilibebwa kwa kichwa na kwa bega: masanduku, chumvi, risasi, hata vyombo vya mashine. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Upande wa magharibi, kati ya Matadi na Léopoldville, mambo yalikuwa mabaya mpaka vijiji vya kando ya njia vilikimbiwa na watu. Na reli iliyojengwa pale ili kuwapumzisha wapagazi, kati ya mwaka 1890 na 1898, nayo ilikula watu. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja wafu 1,932, na katika hao 1,800 walikuwa weusi.

Hata baada ya hapo upagazi haukukoma. Katika vita kuu ya kwanza, askari wa Kongo walipokwenda kupigana na Wadachi na kuuteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, walifuatwa na wapagazi. Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba wapagazi waliochukuliwa na serikali ya Wabelgiji katika vita ile walikuwa kama 260,000. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi na kwa kuchoka. Majina ya maofisa yaliandikwa juu ya mawe. Majina ya wapagazi, je? Huo nao ulikuwa ushuru wa njia, na ulilipwa na masikini kwa mwili wake.

Reli, na barabara ya siku sitini

Wakati huo kusini mwa Katanga palikuwa pamebadilika. Kampuni ya madini, Union Minière, iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910, mwisho wa mwezi wa Septemba, gari la moshi lilifika mahali palipokuwa pori jana, na mji wa Élisabethville ukaanza, ndio Lubumbashi ya leo. Reli hiyo haikutoka Matadi. Ilitoka kusini, kwa Waingereza, ikapita maporomoko ya Zambezi na Broken Hill, ikaingia kwetu kwa Sakania. Mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Reli ikaendelea: mwaka 1918 Bukama, mwaka 1928 Port-Francqui, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Angola iendayo Lobito.

Basi shaba ikapata miguu ya chuma. Barabara ya magari ilikuwa mtoto mdogo wa reli. Ilikwenda sambamba nayo, kutoka mpakani mpaka Élisabethville, kama kilometa 90, kisha Jadotville, ndiyo Likasi, kama kilometa 120, kisha Kolwezi, kama kilometa 180 tena. Kazi yake ilikuwa kuleta makala, unga, mihogo na watu. Mzigo mzito ulipanda gari la moshi.

Lakini barabara ya udongo ina adui mmoja anayerudi kila mwaka, naye ni mvua. Ukiiacha masika moja bila kusafisha mifereji, maji yanapita katikati yake, nayo inakuwa korongo. Nani aliyeitunza? Wanakijiji. Kila kijiji kilipewa kipande chake. Sheria ya Desemba 1933 iliruhusu kumtumikisha mwanakijiji katika mashamba ya lazima na kazi nyingine za amri mpaka siku 60 kwa mwaka. Siku sitini ni miezi miwili. Na mara nyingi mtu alipigiwa baragumu wakati ule ule shamba lake mwenyewe lilipokuwa linamwita.

Kuna zaidi. Wasomaji wetu wa vijijini, je, mmejiuliza kwa nini vijiji vingi vimepangwa kama shanga kandokando ya barabara, hali mashamba ya mababu na makaburi yao yako mbali, huko mtoni? Ni kwa sababu serikali ya kikoloni iliwahamisha watu ili wawe karibu na njia: wapate kuhesabiwa, kulipishwa kodi, kupimwa ugonjwa wa malale, na kutengeneza barabara. Tunasema «barabara inapita katika kijiji chetu». Mara nyingi kweli yenyewe ni kinyume: kijiji kililetwa barabarani.

Hatusemi kwamba barabara hazikuleta mema. Zilileta daktari, mwalimu na barua. Lakini lazima tuseme nani aliyezilipa. Watu wanaosema «zamani za Wabelgiji barabara zilikuwa nzuri» wanasema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba zilikuwa nzuri kwa siku sitini za mtu asiyelipwa.

Daraja la Lufira

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Hapo barabara yetu iligeuka uwanja wa vita. Kati ya Élisabethville na Jadotville barabara inavuka mto Lufira, na mwenye kushika daraja la Lufira ameshika njia yote.

Mwezi wa Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa, Wairlandi kama 155, walizingirwa Jadotville. Wenzao wakatoka Élisabethville kwenda kuwaokoa. Walijaribu mara mbili kupita daraja la Lufira, na mara mbili walizuiwa kwa risasi. Wale waliozingirwa wakaishiwa na maji na risasi, wakajitoa mikononi mwa adui tarehe 17 Septemba. Hatua chache za daraja ziliwatenga na ndugu zao. Mwanzoni mwa Januari 1963 askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa walifika tena pale pale. Walikuta madaraja yamebomolewa, lakini waliuvuka mto, na tarehe 3 Januari wakaingia Jadotville. Tarehe 21 walikuwa Kolwezi, na kujitenga kukaisha.

Tunalikumbuka jambo hili kwa sababu linafundisha: barabara si udongo tu. Ndiyo inayoshika nchi pamoja. Likikatika daraja moja, watu walio kilometa mia tu kutoka kwenu wanakuwa kama watu wa nchi nyingine.

Reli ilipochoka

Serikali iliunda Office des Routes mwaka 1971, ofisi ya kutunza barabara kubwa za taifa, ambazo urefu wake ni zaidi ya kilometa 58,000. Kazi kubwa kwa mikono michache. Mwaka huo huo jimbo letu lilipewa jina la Shaba, nalo lilidumu nalo mpaka mwaka 1997. Lakini jina la shaba halikuilinda njia ya shaba.

Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Lobito. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilikwama, vichwa vya treni vilikufa, mataruma yalioza. Barabara nazo zilibomoka. Pale mashimo yalipokuwa makubwa, vijana waliyajaza udongo, wakatandaza kamba njiani, wakaomba kitu kwa shofere. Na mbele kidogo, kamba nyingine ya mtu ambaye hakujaza shimo lolote. Tazama: hongo zote mbili za Ugogo, ile njema na ile mbaya, zimerudi.

Kisha shaba ikaamka. Sheria mpya ya madini ilitolewa mwaka 2002, kampuni nyingi zikaja, na mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni mbili za shaba. Lakini reli ilikuwa bado mgonjwa. Mzigo wote ule ukaiangukia barabara, yule mtoto aliyeumbwa kubeba makala na unga. Tupige hesabu: kamyo moja ikibeba tani 30, tani milioni mbili ni safari zaidi ya 66,000. Hatujahesabu kamyo zinazoingia na mafuta, chokaa, mashine na unga wa mahindi. Ndiyo sababu Kasumbalesa inajulikana kwa mistari mirefu ya kamyo, na mashofere wanaolala chini ya magari yao siku baada ya siku.

Ushuru wa leo

Mwaka 2008 mambo mawili yalitokea. Tarehe 22 Aprili serikali ilipatana na kampuni za Kichina: wao wapate madini, nao wajenge barabara na majengo mengine. Na tarehe 7 Julai sheria iliunda mfuko wa kutunza barabara, uitwao FONER, ambao chakula chake ni kodi ya mafuta ya magari na ushuru wa peaji. Barabara ya Kasumbalesa, Likasi na Kolwezi ikapata lami mpya, na nguzo za peaji zikasimamishwa.

Je, si afazali njia ingekuwa bure kwa watu wote? Tufahamu kwanza kinachoiharibu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois huko Marekani, wataalamu walijenga barabara za majaribio, wakapitisha kamyo juu yake tena na tena kwa miaka miwili, wakapima uharibifu. Waligundua jambo la ajabu. Ukiongeza mzigo wa ekseli moja mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili, bali kama mara kumi na sita. Kwa hiyo ekseli ya tani kumi inaiumiza barabara kama mara elfu kumi kuliko ekseli ya tani moja. Mama mwenye mikungu ya ndizi katika gari dogo hatoboi lami. Anayeitoboa ni kamyo ya shaba, na hasa kamyo iliyojazwa kupita kiasi. Lami ikipasuka, mvua inaingia chini, udongo unalainika, na shimo limezaliwa.

Basi sheria ya kwanza ya ushuru wa haki ni hii: mwenye mzigo mzito alipe zaidi sana. Katika peaji zetu kamyo kubwa hulipa kuliko magari madogo, na hivyo ni vema. Lakini haifai kitu kama mizani inadanganywa. Karani anayefumba macho mbele ya kamyo iliyozidishwa tani kumi hakuiibia serikali feza tu. Ameuza barabara ya watu wote.

Sheria ya pili: bei ijulikane na watu wote, na mtu asilipe mara mbili kwa jambo moja. Jambo hili si la Afrika tu. Huko Wales, katika Uingereza, zamani barabara zilikuwa na malango mengi ya ushuru. Wakulima masikini walilipa kwenye kila lango, hata walipokwenda kuchukua chokaa ya kurutubisha mashamba yao. Tangu mwaka 1839 mpaka 1843 walitoka usiku, wanaume wamevaa nguo za kike, wakayavunja malango kwa mashoka. Kiongozi wao walimwita Rebeka, kwa sababu ya baraka ile ya Kitabu cha Mwanzo kwamba uzao wa Rebeka utamiliki lango la adui zake. Askari walipelekwa. Lakini serikali ilifanya pia uchunguzi, na mwaka 1844 sheria mpya ikaziweka barabara zile chini ya halmashauri za wilaya, na ushuru ukawa mmoja. Hatumwambii mtu avunje lango. Tunawaambia wenye malango wasingoje Rebeka.

Sheria ya tatu ndiyo kubwa: feza ya barabara irudi barabarani. Ushuru unaoonekana katika mifereji safi, madaraja mazima na mashimo yaliyozibwa ni malipo ya kazi, kama hongo ya mtemi aliyelinda kisima. Ushuru usioonekana popote ni ile hongo nyingine, hata kama umepigwa muhuri.

Tena watu wasidhani kwamba asiye na gari halipi. Mfanya biashara anayeleta unga kutoka Zambia hulipa peaji, kisha huiongeza katika bei ya mfuko. Mama wa Kenya au wa Katuba, mitaa ya Lubumbashi, anayenunua unga sokoni amekwisha kulipa ushuru wa barabara, ingawa hajapanda kamyo. Kwa hiyo kila mtu ana haki ya kuuliza.

Tuulizeje?

Kwanza, kwa kudai karatasi ya malipo. Ni jambo dogo, lakini shofere anayekubali kulipa nusu bila karatasi ameigeuza peaji kuwa rushwa kwa mkono wake mwenyewe, kisha jioni analaani mashimo. Mashimo hayo ameyachimba yeye na karani, nusu kwa nusu. Pili, kwa kuwauliza wakubwa wetu, kwa heshima na bila woga, hesabu ya mwaka: kiasi gani kiliingia, kipande gani kilitengenezwa. Tatu, kwa kutoziba mifereji kwa takataka na vibanda, maana maji hayajui sababu zetu.

Mambo haya yatazidi kuwa makubwa. Kongo na Zambia zimepatana juu ya barabara nyingine ya ushuru, kutoka Kasomeno kupita Kasenga na kuvuka mto Luapula kwa daraja, mpaka Mwenda ng'ambo ya pili, ili kamyo ziendazo Dar es Salaam zisizunguke kwanza mbali kusini kwa Kasumbalesa na Ndola. Ukiitazama katika ramani utashangaa. Ni upande ule ule wa mawio, kwa Luapula na nchi ya Kazembe, ambako misafara ya Kalasa ilipita na shaba yake. Njia ya miguu inataka kuwa njia ya lami.

Na tena mwenye njia atakuwa mwenye nguvu, na tena wapitao watatoa chao. Wazee wetu walitoa nguo, wakatoa mabega, wakatoa siku sitini. Sisi tunatoa franka, na hiyo ni heri kuliko yale. Lakini neno hongo liko katika midomo yetu kila siku kutukumbusha jinsi ushuru wa njia ulivyoharibika mara moja. Jina la peaji bado ni jina safi. Litabaki safi au litaoza kama lile la kwanza, hilo linategemea karani kijumbani, shofere usukani, na mkubwa ofisini, kila mmoja kwa sehemu yake.